Uso wa Mfarishi wa Rangi: Somo kwa Anayeanza Kushona

Katika nyumba nyingi huwako mfuko mmoja, au sanduku, au hata gunia, lililojaa vitambaa ambavyo havitupwi wala havitumiki. Kuna kipande cha kanga iliyopasuka katikati, mguu wa suruali ya mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa, mabaki ya kitenge ambayo fundi aliyarudisha pamoja na gauni, na shati la mitumba lililochakaa ukosi lakini mgongo wake ungali mzima. Mwenye nyumba huviona kila anapofagia, naye husema, "Siku moja vitafaa." Somo letu la leo lahusu siku hiyo.

Tutaeleza namna ya kushona uso wa mfarishi. Mfarishi ni nguo nene ya kujifunika, nayo ina tabaka tatu: juu ni uso, katikati ni kitu cha kutia joto kama vile blanketi kuukuu, na chini ni bitana. Kazi iliyo ndefu na nzuri kupita zote ni ya uso, na hiyo ndiyo tutakayoifuata hatua kwa hatua. Habari za tabaka nyingine tutazigusa mwishoni. Hapana haja ya kuwa fundi. Mtu ajuaye kutia uzi katika tundu la sindano na kuhesabu vipande vyake aweza kuimaliza kazi hii, awe mwanamke au mwanamume.

Faida yake si ndogo. Wakaao Limuru, Kinangop, Molo na sehemu nyingine za juu wanajua baridi ya mwezi wa Juni mpaka Agosti ilivyo, na wanajua bei ya blanketi jipya. Mtoto aliyefunikwa vizuri hulala usiku kucha, na asubuhi huenda shuleni akiwa na nguvu.

KIRAKA CHA AIBU NA KIRAKA CHA HESHIMA

Huenda msomaji mmoja akasema, "Mimi sitaki kulala chini ya viraka; watu watanicheka." Neno hilo lastahili jibu. Kiraka kilichobandikwa kwa haraka juu ya tundu huonyesha shida, kwa kuwa hakikupimwa wala hakikuchaguliwa. Kimekaa pale kwa sababu tundu lilikuwa pale. Lakini vipande 108 vyenye ukubwa mmoja, pembe zake zikikutana na rangi zake zikipatana, havionyeshi shida hata kidogo. Vyaonyesha mtu aliyekaa akafikiri kabla ya kushika mkasi. Nguo yaweza kuwa ni ile ile; kinachotofautisha ni kipimo.

Mifano iko. Katika jimbo la Alabama, nchini Marekani, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, mahali mto Alabama unapojipinda. Wakazi wake wengi ni wazao wa Waafrika waliotumikishwa utumwani katika shamba kubwa la pamba la mahali hapo. Kwa miaka mingi akina mama wa kijiji hicho walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, ili watoto wao wasiumie kwa baridi. Mwaka 1966 wanawake wa sehemu hizo waliunda chama cha ushirika cha kushona mifarishi na kuiuza. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa katika jumba la sanaa la mji wa Houston, kisha New York, na watu wakaja kuitazama kama watazamavyo picha za wachoraji mashuhuri. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye sura za mifarishi hiyo.

Wako na wengine walio karibu nasi zaidi kwa asili. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasidi, ambao wazee wao walitoka Afrika na wengi walivushwa bahari kama watumwa. Wanawake wa Kisidi hushona mifarishi iitwayo kawandi. Wao huanza pembeni, wakazunguka ukingo wote kwa bandi za mkono, wakasonga kidogo kidogo mpaka katikati, hata nguo yote ikafunikwa na viraka. Njia yao yahitaji jicho lililozoea. Anayeanza yafaa aongozwe na rula, na kwa hiyo sisi tutafuata njia ya miraba.

VITU VINAVYOTAKIWA

1. Mkasi mkali wa nguo. Usiukatie karatasi, maana karatasi huufanya butu.
2. Rula ya sentimita 30, tepu ya fundi, na penseli. Usitumie kalamu ya wino, kwani wino hupenya mpaka upande wa uso nguo inapofuliwa.
3. Karatasi ngumu ya boksi, ya kutengenezea vigezo.
4. Sindano za mkono, subana ya kukinga kidole, na pini 20. Kumbuka hesabu ya pini, tutairudia.
5. Uzi imara wa pamba, wa kijivu au wa rangi ya maziwa, kwa kuwa rangi hizo hazigombani na nyingine. Mita 200 zitatosha.
6. Pasi, iwe ya makaa au ya umeme.

Mwenye cherehani ataitumia. Asiyekuwa nayo asivunjike moyo. Mishono yote ya kazi hii imenyoka, na mkono waweza kuishona vizuri.

KUCHAGUA NA KUTAYARISHA NGUO

Sheria ya kwanza: nguo zote ziwe za namna moja. Pamba na ikae na pamba. Ukiunga pamba na nailoni, nguo moja itarudi inapofuliwa na nyingine haitarudi, na mshono utajikunja. Hali kadhalika, usiunge nguo nzito kama ya jinzi na nguo nyepesi kama ya shati, maana nzito itaipasua nyepesi. Kitenge, kanga, shuka na mashati ya pamba hupatana vizuri.

Sheria ya pili: jaribu uimara wa nguo kuukuu. Ishike kwa mikono miwili, uivute, kisha uinue mbele ya dirisha. Ikilia au ikionyesha mwanga mwingi mahali fulani, usikate kipande hapo. Kanga huchakaa kwanza katikati, lakini pindo zake aghalabu hubaki na nguvu. Basi kata penye pindo. Ukiwa mwangalifu waweza kukata hata penye maandishi, neno moja likabaki zima ndani ya kipande, na wajukuu wakapata cha kusoma kitandani.

Sheria ya tatu: fua nguo zote kabla ya kukata, hata zile mpya, ili zirudi sasa na si baadaye. Nyekundu na buluu nzito zitazame kwa makini. Lowesha pembe ya nguo, weka kitambaa cheupe juu yake, kandamiza kwa pasi ya moto. Kitambaa cheupe kikipata rangi, fua nguo hiyo tena kwa maji baridi. Ikiendelea kutoa rangi baada ya kufuliwa mara tatu, iache kando. Nguo moja ya namna hiyo yaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima kwa ufuaji mmoja.

Sasa rangi. Anayeanza hupenda kuchukua rangi kali zote alizo nazo na kuziweka pamoja. Matokeo yake ni kama baraza ambayo kila mtu anasema kwa wakati mmoja, hapana anayesikika. Rangi kali huonekana kali ikiwa jirani yake ni pole. Kwa hiyo gawa nguo zako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la rangi kali: nyekundu, manjano, kijani, buluu, zambarau, na nguo za maua. Fungu la pili ni nguo moja tu isiyo na maua, nyeupe au ya rangi ya maziwa, kama ile ambayo wazee waliiita marekani kwa sababu zamani ililetwa na merikebu kutoka nchi hiyo. Ukiwa na mashaka juu ya nguo fulani, iweke sakafuni karibu na nguo pole, urudi nyuma hatua tatu, ufumbe macho nusu. Zikionekana kama nguo moja, hiyo si rangi kali.

VIGEZO VIWILI

Hapa ndipo kazi husimama au huanguka. Kata karatasi ngumu vigezo viwili vya mraba: kimoja cha sentimita 17 kila upande, na kingine cha sentimita 15. Kikubwa ni cha kukatia nguo. Kidogo ni cha kuchorea mstari wa kushonea, kwa maana kila upande wa kipande sentimita 1 itaingia ndani ya mshono.

Usiamini macho kuhusu pembe. Pima kigezo kikubwa kwa mshazari, toka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo viwili viwe sawa, navyo viwe sentimita 24. Kimoja kikizidi kingine, kigezo kimepinda. Kitupe, ukate kingine. Ni afadhali kutupa karatasi kumi kuliko kukata vipande 108 vilivyopinda.

Yafaa mtu ajue sababu ya ukali huu. Tuseme mshonaji amepotoka milimita 2 tu katika kila mshono, akala milimita 12 za nguo badala ya 10. Kila mshono hushika vipande viwili, basi kila mshono umepoteza milimita 4. Safu moja ina mishono 8. Mara 8 ni milimita 32, yaani zaidi ya sentimita 3. Safu hiyo ikiwekwa juu ya nyingine iliyoshonwa sawasawa, hazitakutana tena, wala pasi haitaweza kuzipatanisha. Ndivyo kosa dogo lisiloonekana katika mshono mmoja linavyokuwa kosa kubwa katika kitanda kizima.

KUKATA

Piga nguo pasi, uitandike juu ya meza upande wa nyuma ukiwa juu. Weka kigezo kikubwa, ukichora kwa penseli. Kingo za kigezo zifuate nyuzi za nguo, yaani mtande na mshindio. Usikiweke kwa mshazari hata kama utaokoa nguo kidogo, kwa maana nguo iliyokatwa mshazari hunyumbuka kama mpira, na mraba wako utageuka kuwa umbo lisilo na jina. Baada ya kukata, weka kigezo kidogo katikati ya kila kipande upande wa nyuma, ukichora mstari wa kushonea.

Uso wetu utakuwa na vipande 9 kwa upana na vipande 12 kwa urefu, jumla 108. Nusu yake, yaani 54, ni vya rangi kali, na 54 ni vya rangi pole.

Kwa rangi kali, chagua nguo 6 tofauti, ukate vipande 9 katika kila moja. Nguo ya sentimita 55 kwa 55 yatoa vipande hivyo 9. Kwa rangi pole, ikiwa nguo yako ina upana wa sentimita 110, itatoa vipande 6 kwa kila mkato wa upana; mikato 9 itatoa 54. Nunua mita 1 na robo tatu, ili ibaki akiba ya kurudi maji na ya makosa.

KUPANGA

Tandika mkeka, upange vipande vyote kabla ya kushona hata kimoja. Safu ya kwanza ianze kwa rangi kali, kisha pole, kisha kali, mpaka cha tisa. Safu ya pili ianze kwa pole. Endelea hivyo kwa zamu mpaka safu ya kumi na mbili, na utaona miraba kama ya ubao wa dama. Angalia vipande viwili vya nguo moja visikaribiane mno. Weka nyekundu na manjano mbalimbali kama vile mpishi anavyotawanya chumvi, zisirundikane pembe moja.

Kazi ya kupanga isifanywe mbio. Ulipange, ukalile chakula, urudi ulitazame tena. Waite watu wa nyumbani. Jicho la mtoto mara nyingi huona haraka mahali palipozidi rangi moja.

Ukisharidhika, kusanya safu ya kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, kipande juu ya kipande, uifunge kwa uzi pamoja na karatasi yenye namba 1. Fanya hivyo kwa safu zote 12. Mafungu haya yatakungoja hata ukiacha kazi wiki nzima, wala hutasahau mpango wako.

KUSHONA SAFU

Chukua vipande viwili vya kwanza vya safu ya 1, uviweke uso kwa uso. Choma pini katika pembe za mistari ya penseli, uhakikishe kuwa pini imetokea katika pembe ya mstari wa kipande cha pili. Kisha shona juu ya mstari.

Kwa mkono, piga bandi ndogo, hatua 3 katika kila sentimita, na baada ya kila hatua 4 au 5 rudi nyuma hatua moja, ili uzi ukikatika mahali fulani mshono wote usifumuke. Anza na maliza kwa kurudi nyuma mara mbili. Usivute uzi kwa nguvu, maana nguo itakunjamana.

Kwa cherehani, weka hatua 4 katika kila sentimita. Bandika kipande cha karatasi ya kunata juu ya bamba la cherehani, sentimita 1 kutoka penye sindano, na ukingo wa nguo ufuate karatasi hiyo kama mtu afuatavyo ukingo wa barabara. Waweza kushona jozi moja baada ya nyingine bila kukata uzi. Zitatoka zikifuatana kama kamba ya samaki, nawe utazikata baadaye. Toa kila pini kabla sindano haijaifikia.

Kabla ya kuendelea na kazi yote, jijaribu. Shona vipande 3 kwa 3, piga pasi, kisha pima. Pande zote ziwe sentimita 47: yaani mara tatu 15, na sentimita 1 kila mwisho ambayo haijashonwa. Ukipata 46, mishono yako ni minene mno. Ukipata 48, ni myembamba. Fumua, urekebishe mkono wako hapo, ambapo mishono ni michache. Kufumua mshono mmoja leo ni kazi ya dakika tano. Kufumua mishono mia kesho kutwa ni kazi ya kukatisha tamaa.

Safu nzima iliyokamilika yapasa kuwa na urefu wa sentimita 137. Pima kila moja, uandike kipimo chake kwenye karatasi.

PASI NI NUSU YA KAZI

Wengi hudhani pasi ni ya mwisho, kazi ikiisha. Sivyo. Kila safu ipigwe pasi kabla ya kuungwa na nyingine. Weka pasi juu ya mshono, ukandamize, uiinue, uiweke mbele. Usiiburute, kwa kuwa pasi inayoburutwa huvuta nguo nje ya kipimo.

Laza kila mshono upande wa kipande chenye rangi kali. Kuna sababu mbili. Kwanza, kivuli cha nguo kali hakitaonekana kupitia nguo nyeupe. Pili, kwa kuwa rangi hupishana safu kwa safu, mishono ya safu ya juu na ya chini italala pande zilizo kinyume. Zikiwekwa uso kwa uso, mishono hiyo itashikana yenyewe kama vidole vya mikono miwili, na pembe nne zitakutana mahali pamoja bila kubahatisha. Ukiona msalaba ulionyoka mahali vipande vinne vinapokutana, ujue umeshika ufundi.

KUUNGA SAFU

Weka safu ya 1 na safu ya 2 uso kwa uso. Choma pini kwanza penye mishono yote 8, kisha miishoni. Ikiwa safu moja imezidi kidogo, usiikate. Gawanya ziada hiyo baina ya pini, kidogo hapa na kidogo pale, na kama unatumia cherehani, safu iliyozidi iwe chini, kwa sababu meno ya cherehani huvuta nguo ya chini kuliko ya juu.

Usiunge safu moja moja mpaka mwisho, maana nguo itakuwa nzito na kukuvuta mikono. Unga kwa jozi: safu 12 zitakuwa mafungu 6, mafungu 6 yatakuwa 3, na hayo 3 yataungwa kuwa uso mmoja. Ukimaliza, uso wako utakuwa sentimita 137 kwa 182. Utafunika kitanda cha mtu mmoja cha futi 3 kwa 6, na kuning'inia kidogo kila upande.

Sasa hesabu pini zako. Zilikuwa 20, ziwe 20. Ikipungua hata moja, tafuta kwa kupapasa mishono yote mpaka uipate. Mfarishi ni wa kulaliwa, pengine na mtoto mchanga, na pini moja iliyosahauliwa yaweza kumdhuru.

MAKOSA YA KAWAIDA NA DAWA ZAKE

Pembe hazikutani. Fumua sentimita 4 tu, mbili kila upande wa pembe, upange upya, uchome pini, ushone tena. Si lazima kufumua safu nzima.

Mshono umekunjamana. Uzi ulivutwa mno, au sindano ni butu. Badilisha sindano, ulegeze mkono.

Ukingo wa nje una mawimbi. Baadhi ya vipande vilikatwa kwa mshazari, au pasi iliburutwa. Shona bandi nyepesi kuzunguka ukingo, sentimita nusu kutoka nje, ili usizidi kunyumbuka.

Nyuzi zinachomoka kwenye kingo za vipande. Usizivute, zikate kwa mkasi. Nguo inayochomoka sana yafaa ishonwe mapema baada ya kukatwa.

HABARI YA SIKU NA JIONI

Wako watakaouliza kazi hii yachukua muda gani. Mtu mwenye shamba, jiko na watoto hana siku nzima ya kukaa. Basi na ahesabu kwa jioni. Ukishona safu moja kila jioni, safu 12 zitakwisha kwa jioni 12. Mishono ya kuunga safu ni 11. Nayo kwa jioni 11 itakwisha. Jumla ni jioni 23. Aliyekwisha kukata na kupanga, akianza kushona mwanzoni mwa Mei, atauona uso wa mfarishi kabla Juni haijaingia. Haba na haba hujaza kibaba.

Kazi huwa nyepesi zaidi wanapokutana watu kadhaa. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa Kenya mwaka 1952, kushona kulikuwa mojawapo ya mambo yaliyofundishwa katika vikundi vyake. Kikundi cha majirani sita waweza kubadilishana nguo: kila mmoja akileta nguo moja ya rangi na kugawia wenzake vipande 9, wote watakuwa na rangi 6 bila mtu kununua hata moja. Sharti ni moja tu, nalo ni hili: wote watumie kigezo kile kile. Kikundi chenye vigezo sita kitapata mifarishi isiyoungika.

BAADA YA USO

Bitana iwe na sentimita 145 kwa 190, yaani imezidi uso kwa sentimita 4 kila upande. Itandike chini, upande wa uso ukitazama sakafu. Juu yake weka blanketi kuukuu lililokatwa sawa na uso, kisha uso wenyewe ukitazama juu. Nyosha tabaka zote kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje. Zishikize kwa bandi ndefu.

Kisha, penye makutano ya vipande, kila baada ya sentimita 30, pitisha uzi mnene kutoka juu hadi chini na kurudi juu, ufunge fundo imara mara mbili. Mafundo hayo huzuia tabaka zisihame. Mwisho, kunja ile ziada ya bitana nusu kwa nusu, uikunje tena juu ya uso, ushone kuzunguka pande zote. Hapo mfarishi umekamilika. Ufuliwe kwa maji baridi, uanikwe mahali pasipo jua kali, na rangi zake zitadumu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mama mmoja ataka mfarishi wa mtoto mdogo wenye vipande 7 kwa upana na 9 kwa urefu, kwa vigezo vile vile. Anahitaji vipande vingapi, na uso utakuwa na ukubwa gani?
2. Akianza kwa rangi kali pembeni, vya rangi kali ni vingapi na vya pole ni vingapi?
3. Safu yake ya vipande 7 imetoka sentimita 105 badala ya kipimo kinachotakiwa. Je, mishono yake ni minene au myembamba?

Majibu: 1. Vipande 63, uso utakuwa sentimita 107 kwa 137. 2. Vya rangi kali 32, vya pole 31. 3. Mishono ni minene. Kwa kuwa iko 6 na amepoteza milimita 20, kila mmoja umekula zaidi ya milimita 3 za nguo.

Msomaji aliyeyajibu maswali haya bila kutazama chini amekwisha kuwa tayari. Na aufungue ule mfuko wa vitambaa, amwage vyote juu ya mkeka, aanze kuchagua.